Chumba Kilicho Kando ya Mashine

Haika mwanangu,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, kama barua zinavyoanza, lakini nimekuona leo asubuhi ukiteremka kwenda mjini kwa msusi, unacheka na simu, mzima kabisa. Kwa hiyo salamu tuziruke. Barua hii utaikuta juu ya mto wako ukirudi. Isome leo, usije kesho ukaipeleka Ujerumani ikiwa imefungwa ukidhani ni maombi.

Sitakuandikia habari za sweta, wala kula, wala kanisa. Sweta shangazi yako amekununulia tatu, na habari za kula baba yako amekueleza mpaka mimi mwenyewe nikasikia njaa. Nina jambo moja tu, na nikwambie mapema kwamba naandika nikiwa nimekasirika. Nilikasirika jana jioni, nikalala nimekasirika, na leo asubuhi nimekamua ng'ombe nimekasirika mpaka akanipiga teke.

Ni lile zoezi la sebuleni.

Nilikuomba dakika tano tu. Nilisimama na mwiko wa ugali badala ya kile kifaa cha kukagulia watu, nikakwambia upite kati ya viti viwili kana kwamba ni geti la uwanja wa ndege. Ukapita unacheka. Nikatoa mlio kwa mdomo, kwa sababu geti litalia, Haika. Una chuma kwenye paja kutoka nyongani mpaka karibu na goti, na sidhani kama mashine itanyamaza kwa kukuheshimu. Nikakuuliza kwa ile sauti yangu ya kazini ya zamani, "Dada, una nini mguuni?" Ukasema, "Chuma." Nikasema, "Onyesha." Nawe hapo hapo, mbele ya baba yako na mbele ya mzee wa kanisa aliyekuja kukuaga, ukashika pindo la sketi ukaanza kuinua.

Nilikupiga mkono kwa mwiko. Samahani kwa mwiko. Mzee wa kanisa alitazama dari muda mrefu sana.

Baba yako akasema, "Mama Haika, mwache mtoto. Huko anakokwenda watu ni wastaarabu." Baba yako amepanda ndege mara moja tu maishani, kwenda Dar, na alilala njia nzima. Nawe ukasema, "Mama, acha presha. Wakitaka kuona si waone tu, nipite? Mimi sina cha kuficha."

Huna cha kuficha. Nilitamani kuutafuna ule mwiko.

Wewe ndiye ambaye tangu bodaboda ikuangushe barabara ya Mabogini, miaka miwili iliyopita, hujavaa nguo inayoishia juu ya goti. Unaoga umefunga komeo na umeegemeza ndoo mlangoni. Krismasi iliyopita binamu yako alilala nawe kitanda kimoja wiki nzima na mshono hakuuona. Mtu wa namna hiyo, akikutana na mgeni aliyevaa sare, anainua sketi kabla hajaambiwa mara ya pili. Nifafanulie hapo, maana mimi nimeshindwa. Kuficha ni kwa mwizi. Unachofanya wewe ni kujisitiri, na hilo huombi ruhusa kwa mtu.

Lakini hasira hii, nimekaa nayo leo nikaichambua, na si yako peke yako. Sehemu kubwa ni yangu mimi. Kwa hiyo kaa kitako nikueleze kitu ambacho baba yako anakijua nusu na wewe hukijui kabisa.

Unajua kwamba nilikuwa mkaguzi wa abiria. Umekuwa ukijisifu shuleni kwamba mama yako alivaa sare na alifanya kazi na wazungu. Uwanja wenyewe siutaji kwa sababu wenzangu wengine bado wako kazini na hawakunituma. Nilifanya kazi ile miaka tisa, na tuliwaambia watu kwamba niliacha kwa sababu ya magoti. Magoti yangu hayakuwa na neno.

Ulikuwa darasa la pili. Siku hiyo mashine moja ilikuwa mbovu, foleni imefika mlangoni, na msimamizi anapita nyuma yetu akisema harakisheni, harakisheni, kama anachunga mbuzi. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Akaja bibi mmoja wa Masama, huku huku kwetu milimani. Nilimjua kwa kitambaa cha kichwani na kwa namna alivyosema shikamoo kwa kila mtu mwenye sare, hata kwa wasichana wa umri wa wajukuu zake, mpaka wakaona aibu. Alikuwa anakwenda ng'ambo kumlea binti yake aliyekaribia kujifungua. Unajua jinsi sisi tunavyolichukulia jambo hilo. Mtoto wa kwanza hazaliwi mama wa mzazi akiwa amekaa tu nyumbani kwake anapalilia kahawa.

Nilimpapasa kiunoni nikakuta unene usio wa mwili. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Vitu vya mzazi." Baadaye ndipo nilipojua vizuri. Alikuwa amejizungushia mkaja, kile kitambaa kirefu cha kumfunga tumbo mwanamke aliyejifungua, ambacho aliwafungia binti zake wengine wote. Na katikati ya mikunjo ya mkaja alikuwa amepanga vifuko vya unga wa ndizi kavu, wa kumpikia mzazi uji. Mtu alimwambia mizigo ya sandukuni hufunguliwa ikatupwa, akaona mahali salama pa kuweka kitu cha mzazi ni mwilini mwake. Kosa la namna hiyo angelifanya bibi yako, ningelifanya mimi, na ungelifanya wewe ukiwa na umri huo.

Kukagua unene ule ilikuwa kazi yangu, hilo silijutii. Unga uliofungwa kiunoni lazima uangaliwe. Lakini tulikuwa na chumba. Kilikuwa kando ya mashine, hatua nane, nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Kina pazia, kina kiti, na kanuni ilisema wazi kwamba mtu akitakiwa kuvua nguo yoyote ya kumsitiri apelekwe mle, akaguliwe na wanawake wawili, na akitaka mtu wake awepo, awepo. Tulifundishwa hivyo, tukafanyiwa mtihani, na mimi nilikuwa wa pili darasani.

Chumba kilikuwa kimejaa maboksi ya msimamizi. Kuyatoa kungechukua dakika tano. Nikamwambia bibi, "Vua hapa."

Akageuka nyuma. Nami nikatazama alikotazama. Watu wawili nyuma yake alisimama mkwewe, mume wa huyo binti, ambaye alikuja kumchukua, ameshika viatu vyake mkononi. Sihitaji kukueleza habari ya mama mkwe na mkwe wa kiume kwa wazee wetu. Hata kushikana mikono hawashikani. Bibi akanisogelea akaniambia kwa Kichagga, taratibu, kwamba si hapa, mwanangu, yule pale ni mkwe wangu.

Nilimwelewa, Haika. Nilielewa kila neno, na nilielewa hata yale ambayo hakuyasema. Nami nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "Mama, hapa hatuongei Kichagga. Kila mtu anakaguliwa sawa."

Kwa nini nilisema hivyo, nimejiuliza miaka yote hii. Nilichoka, ndiyo. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu kujulikana kwamba natoka alikotoka yeye. Pale nilikuwa mtu wa sare na kifaa, na yule bibi alikuwa ananirudisha kwenye migomba mbele ya wenzangu.

Akavua. Mkaja ni mrefu, ilibidi ajizungushe, na mimi nimeshika ncha. Alizunguka mara nne au tano huku kanga ikilegea, na kifuko kimoja kikapasuka unga ukamwagika sakafuni na kwenye miguu yake. Mkwewe aligeukia ukuta. Watu wengine hawakugeuka. Mmoja alikuwa ameinua simu, na mimi niliyekuwa na mamlaka ya kumwambia aishushe sikumwambia. Tukaupima unga. Ulikuwa unga. Nikamwambia bibi, "Haya mama, pita, safari njema."

Hakupita. Alikaa kwenye benchi, akaukunja mkaja taratibu mpaka ukawa mdogo kama kitabu cha nyimbo, akasema, "Siendi." Mkwewe hakuweza hata kwenda kumbembeleza, maana atamwangaliaje? Alimtuma abiria mwingine, mgeni kabisa, akamwambie mama ndege inaondoka. Bibi akamwambia yule mgeni kwa adabu kwamba amesikia, ahsante, na kwamba haendi. Ndege ikaondoka na mkwe, na bibi akarudi Masama. Binti akajifungua huko bila mama.

Habari ilinitangulia nyumbani. Unajua huku milimani habari hazihitaji gari. Wiki tatu baadaye nikapanda Masama kuomba radhi, nimebeba sukari na kanga mpya kama mjinga. Alinipokea. Alinipikia mtori, akanikalisha, akanitazama nikila. Nilimaliza hotuba yangu yote niliyoiandaa, naye akaniuliza, "Hivi mahali pa kumsitiri mtu, pale hapakuwepo?"

Nikasema palikuwepo. Chumba.

Akasema, "Ungeniambia tu kwamba kuna chumba. Mimi nilidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu, nikaona bora nisiende kwenye nchi ya namna hiyo."

Hilo tu. Hakunilaani, hakunisuta. Nilishuka nikilia mpaka njia panda, na mwisho wa mwezi nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaweka magoti kama sababu.

Sasa unaelewa ule mwiko. Mimi nimesimama upande ule wa mashine, najua mkaguzi anavyowaza. Si mtu mbaya. Miguu inamuuma, na kuna mtu nyuma yake anamwambia aharakishe. Atakufanyia njia iliyo rahisi kwake, na njia iliyo rahisi kwake ni wewe usiyesema kitu. Lakini kila alipokuja abiria aliyesema kwa utulivu, "Naomba nikaguliwe na mwanamke, chumbani," sote tulijinyoosha. Maboksi yalitoka. Msimamizi mwenyewe alibeba. Wala hakuna aliyemchukia abiria yule, tulimheshimu, na saa nyingine tulimwonea wivu.

Kwa hiyo geti likilia, toa karatasi ya daktari, useme una chuma pajani. Watakupitishia kifaa juu ya nguo, wanaweza na kukupapasa. Hiyo ni haki yao, ukikataa kukaguliwa kabisa hutapanda ndege, na mimi sikufundishi ukaidi. Huko mbele utakuta na mashine nyingine ya kusimama ndani umeinua mikono. Inaonyesha mchoro tu wa mtu na alama mahali penye kitu, usiiogope. Lakini mtu akisema onyesha, hapo ndipo unaposimama. Uliza kuna chumba. Uliza ni mwanamke gani atakayekukagua. Sema unataka mtu wa pili awepo. Akikunja uso, akunje, uso ni wake. Na huko mpakani mtu akitaka simu yako, muulize kwanza yeye ni nani na anatafuta nini, kabla hujaifungua na kumpa picha zako zote kama unampa karanga. Kuna nchi ambako maofisa wana mamlaka hayo na kuna ambako hawana. Zote sizijui, ila kuuliza hakujamnyima mtu safari.

Nilidhani barua itaishia hapo. Ingeishia hapo ningekuwa mama mwenye hekima, na wewe ungesema, "Kumbe Mama naye."

Lakini leo ulipoondoka kwenda kwa msusi, nimefungua begi lako.

Nilijiambia nahakikisha karatasi ya daktari. Nilikuuliza asubuhi ukasema iko mfuko wa mbele, nami sikukuamini. Ilikuwepo, mfuko wa mbele, kama ulivyosema. Ningefunga zipu. Lakini mikono hii ilijifunza kazi yake miaka tisa na haikusahau, ikaendelea yenyewe, sweta, viatu, taulo, nikafika kwenye lile daftari lako la jalada la kijani. Nikalifungua. Nilisoma ukurasa mmoja na nusu kabla sijapata akili ya kulirudisha.

Uliandika habari za hospitali. Uliandika kwamba hukuumia sana siku ya ajali wala siku ya kuwekewa chuma, uliumia siku za wageni. Uliandika, "Mama alikuwa anainua shuka kabla mgeni hajamaliza kusema pole."

Nimekaa na sentensi hiyo mchana kutwa, na mboga imeungua.

Ni kweli. Walikuja wengi, wa kanisani, wa kikundi cha maziwa, majirani, watu ambao hata hatukuwajua, na kila mmoja nilimwambia njoo uone walivyomshona, na nikainua. Hata wanaume. Hata mwalimu wako wa hesabu. Nilidhani nawaonyesha jinsi Mungu alivyokuponya. Nilidhani ndivyo mama anavyofanya, watu waone uchungu wake. Wewe ulikuwa umelala pale na miaka kumi na minane yako, umegeuzia uso ukutani kama yule mkwe, na mimi nikasema kwa kila mgeni, "Amelala, dawa zimemzidi." Hukuwa umelala. Siku moja ulishika ncha ya shuka, nakumbuka sasa, uliishika kwa nguvu, nami nikakutoa vidole kimoja kimoja nikakuambia acha utoto, huyu ni mama mchungaji.

Basi jana nilimpiga nani mkono? Nilitaka kujua umejifunza wapi kuinua nguo kwa sababu mkubwa amesema onyesha, na jibu lilikuwa limesimama mbele yako na mwiko. Nilimfanyia yule bibi mara moja nikaacha kazi. Nilikufanyia wewe wiki sita na sikuona kitu, kwa sababu nilidhani mwili wako ni mali yangu mpaka nitakapoambiwa vinginevyo, na wewe ni mtoto mwenye adabu, hukuniambia. Adabu hiyo nilikufundisha mimi. Nakuomba uiache hapa nyumbani. Nisamehe, Haika. Sina sababu ya kuweka, hata magoti.

Daftari nimelirudisha chini ya taulo. Begi sijalifunga vizuri, ukilikagua utaona. Usijifanye hukuona.

Kesho kabla gari halijafika nitakuja mlangoni kwako, nitabisha, nitasema nataka kuliangalia begi lako mara ya mwisho, na nitasema kwa ile sauti. Nitasisitiza. Nitasema mimi ni mama yako. Baba yako atasema umwache mama yako aangalie, ana wasiwasi tu.

Nikatalie. Nataka nikusikie ukisema hapana kabla hujaondoka hapa kwangu.

Mama yako.